Uvimbe kwenye Korodani: Upi wa Kusubiri, Upi wa Kukimbiza Hospitali

Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona. Unamwogesha mtoto, unagundua upande mmoja wa mfuko wa korodani umejaa kuliko mwingine. Au mwanao wa miaka 16 anatembea kwa kuchechemea na hataki kusema kwa nini. Au ni mume wako: amegusa kitu kama punje ya kunde akiwa anaoga, na sasa wiki ya tatu hali wala halali vizuri kwa sababu ameshajiambia ni saratani.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii huku pwani. Uvimbe mwingi wa sehemu hii tunaouona ni maji tu. Si saratani, na haumwondolei mwanamume uwezo wa kuzaa. Lakini upo ugonjwa mmoja wa korodani usiosubiri hata kupambazuke, na nitaanza na huo.

Maumivu ya ghafla ni dharura

Korodani imening'inia kwenye kamba iliyobeba mishipa ya damu. Kamba hiyo inaweza kujisokota, damu ikashindwa kupita. Hutokea zaidi kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa mtoto mchanga na mtu mzima pia wanaweza kupata. Dalili yake kubwa ni maumivu makali yanayoanza ghafla upande mmoja, pengine usiku akiwa amelala. Anaweza kusikia kichefuchefu au kutapika, na korodani ikaonekana imepanda juu au imelala upande.

Kijana mwingine atakuambia "tumbo linaniuma" kwa kuwa anaona aibu kukutajia penyewe. Muulize waziwazi, na kama hataki wewe umtazame, amwite baba au mjomba amtazame.

Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi korodani huokolewa. Kadiri muda unavyopita nafasi inapungua, na baada ya saa 24 mara nyingi hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo usimpe dawa ya maumivu ukangoja kuche. Usimkande wala kumchua. Usimlishe, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, na ukifika mapokezi usikae kwenye foleni, sema, "Korodani ilianza kuuma ghafla saa fulani." Niliwahi kumpokea kijana aliyeletwa mchana, mama yake akiwa amemchua kwa mafuta ya uvuguvugu usiku kucha. Alipoteza korodani moja. Mama yule hakuwa mzembe, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kifuko cha maji kwa mwanamume mzima

Nyuma ya kila korodani kuna mrija laini uliojikunja, ambamo mbegu hukomaa na kuhifadhiwa. Wanaume wengi wakiugusa mrija huo kwa mara ya kwanza hushtuka wakidhani ni uvimbe, kumbe ndivyo walivyoumbwa. Kwenye mrija huo ndipo kinapoweza kuota kifuko kidogo chenye maji, ambacho madaktari hukiita sisti. Huonekana zaidi kwa watu wa makamo. Ukikishika ni laini, cha mviringo, hakiumi, na kinasogea chenyewe, kikiwa juu au nyuma ya korodani. Hilo la kuwa kimejitenga na korodani ndilo muhimu kuliko yote.

Kifuko cha namna hii hakigeuki kuwa saratani na kwa kawaida hakizuii kupata mtoto. Daktari akishakipima, mara nyingi kwa altrasaundi, na kuthibitisha, kinaachwa kama kilivyo. Upasuaji hufikiriwa kikiwa kikubwa cha kumsumbua au kinauma. Hata hapo, kijana ambaye bado anataka watoto hushauriwa kungoja, maana kisu kinaweza kuugusa ule mrija na kuuziba. Kuyavuta maji kwa sindano hakusaidii sana, kwani hurudi. Na kuchanja chale au kutoboa nyumbani huingiza vijidudu.

Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, msikilaumu kifuko. Nendeni wote wawili mkapimwe, yeye apimwe mbegu.

Mtoto mchanga

Wavulana wengi huzaliwa na maji kidogo kwenye mfuko wa korodani. Tumboni korodani hushuka kupitia njia ndogo, na njia hiyo isipojifunga vizuri maji hupenya. Mara nyingi hukauka yenyewe kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja au miwili. Uvimbe unaojitokeza akilia na kupotea akilala huenda ni ngiri, yaani utumbo unateremka, na huo lazima aonwe na daktari. Ukiwa mgumu, haurudi ndani, na mtoto analia au anatapika, ni dharura sawa na ile ya mwanzo. Wapo wanaomulika kwa tochi: maji hung'aa. Lakini utumbo wa mtoto mchanga nao unaweza kung'aa, kwa hiyo tochi ya simu yako isikuamulie.

Na ukigusa ukaona korodani moja haipo kwenye mfuko, sema kliniki. Ikifika miezi 6 bado haijashuka, apewe rufaa.

Busha

Huku kwetu uvimbe wa maji una jina lake, na kejeli zake pia. Bado nasikia kwamba busha linatokana na kunywa madafu mengi. Madafu hayana kosa. Kwenye maeneo yenye matende, busha kwa watu wazima husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu njia za majimaji ya mwili taratibu kwa miaka mingi. Ndiyo maana wahudumu wakipita na kingatiba, kila anayestahili ameze, hata asiyejisikia kuumwa. Dawa hizo huua minyoo michanga inayosafiri kwenye damu, hivyo mbu hapati cha kumpelekea jirani. Busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa vidonge. Hutibiwa kwa upasuaji, na Tanzania imekuwa na kambi za kuwafanyia wagonjwa bila malipo katika mikoa ya pwani. Mwanamume aliyejificha ndani miaka kumi kwa aibu anaweza kurudi kuvua na kulima.

Uvimbe mgumu

Uvimbe mgumu ulio ndani ya korodani yenyewe, hata usipouma, asiunyamazie. Vivyo hivyo korodani inayoongezeka ukubwa au kuwa nzito. Saratani ya korodani si ya kawaida, lakini huwapata zaidi vijana na wanaume wa umri wa kati, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri sana. Korodani ambayo haikushuka utotoni huongeza uwezekano wake.

Kujikagua ni kazi ya dakika mbili baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea. Aizungushe kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Moja kuning'inia chini zaidi ya nyingine ni kawaida. Anatafuta kitu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo.

Mume au mwanao akisema hawezi kuvua nguo mbele ya muuguzi wa kike, usibishane naye. Ulizeni dirishani kama yupo mhudumu wa kiume siku hiyo, au zamu yake ni lini. Sisi tumeshazoea kuulizwa.