Taa kwa Kompyuta ya Gemu: Nani Alisema Ni Ushamba?

Wiki iliyopita binamu yangu aliingia keja, nikawasha mashine, feni tatu zikaanza kuzungusha zambarau na kijani. Akasimama hapo mlangoni akauliza, "Sasa hii ni kompyuta ama ni nganya ya Rongai?" Nilicheka, lakini manze, ilinikaa. Hakuwa anauliza swali. Alikuwa ananiambia kwamba mtu mwenye akili timamu anapenda vitu vilivyotulia, na taa ni za watoto na makanga. Hiyo dharau ndiyo inanisumbua, na huwezi kuijibu bila kujua hizi taa zilitoka wapi.

Turudi 1981. Agosti mwaka huo IBM walitoa kompyuta yao ya kibinafsi, modeli 5150, na ilikuwa na ile rangi ya krimu iliyokauka. Hata kama hukuwa umezaliwa, unaijua. Ni ile rangi ya monita za zamani za maabara ya shule, zenye plastiki yake iligeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Mteja wao mkubwa alikuwa ofisi, na ofisi ilitaka mashine inayokaa kando ya kabati la faili bila kusumbua macho ya mtu. Wengine wote wakafuata. Kwa karibu miaka ishirini, kompyuta ya maana ilikuwa sanduku la rangi ya ukuta.

Sasa shika hapo. Watu husema krimu, kijivu na nyeusi ni "kawaida", halafu taa ndizo "mtindo". Si kweli. Krimu pia ilikuwa chaguo la mtu. Ni vile tu huyo mtu alikuwa meneja wa ofisi, na sisi tukazoea macho yake mpaka tukadhani ni yetu.

Mwenye alivunja hiyo kitu kwa watu wengi ni Apple, 1998, na iMac ya kwanza. Plastiki ya kuona ndani, rangi ya bluu-kijani waliyoiita Bondi Blue, jina la ufuo wa bahari kule Sydney. Mwaka uliofuata wakaleta rangi tano zenye majina ya matunda. Wataalamu wengi waliiona kama toy. Lakini watu walinunua, na ghafla kila kampuni ikakumbuka kwamba kompyuta inaweza kuwa na rangi.

Lakini iMac haikuwa ya wachezaji wa gemu. Sisi babu zetu ni wengine. Ni wale vijana wa miaka ya tisini waliokuwa wanabeba kompyuta nzima, kasha pamoja na monita zito la kioo, mpaka kwa ukumbi fulani, wanaunganisha nyaya na kucheza Quake usiku kucha. Uswidi kulikuwa na DreamHack, na Texas QuakeCon ikaanza 1996. Fikiria uko kwa ukumbi wenye mamia ya masanduku ya krimu, yote yanafanana. Utajuaje yako ni ipi? Na utawaonyeshaje wengine kwamba hii mashine uliiunda mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa pesa ya kujinyima?

Wakaanza kukata. Unachukua ubavu wa kasha la chuma, unaukata na msumeno mdogo wa umeme, unaweka akriliki juu ya shimo ili watu waone ndani. Lakini ndani ni giza, kwa hivyo unahitaji taa. Hawa mabro walitumia mirija myembamba ya kathodi baridi, aina ile ile ya taa iliyokuwa nyuma ya skrini za laptopu za wakati huo. Ilihitaji kifaa chake cha kupandisha volti, ilivunjika ukiibonyeza vibaya, na kila mrija ulikuwa na rangi moja tu. Ukitaka bluu leo na nyekundu kesho, unafungua kasha na kubadilisha kwa mkono. Wakati huo huo watu walikuwa wanaweka neoni chini ya magari, na filamu ya The Fast and the Furious ya 2001 ikaeneza hiyo tabia dunia nzima. Gari na kompyuta zilikuwa zinaongea lugha moja. Kampuni ya Alienware, iliyoanzishwa Miami 1996, ilikuwa inauza mashine zenye sura ya chombo cha angani kwa wasiotaka kukata wenyewe. Ilipofika 2006 Dell wakainunua, na hapo ukajua kuna ganji.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna stori ambayo watu wengi wenye RGB hawaijui.

LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa 1962. Kijani ikafuata. Bluu yenye mwangaza wa maana ikakataa kwa miaka thelathini. Na bila bluu huna kitu, kwa sababu RGB ni nyekundu, kijani na bluu: ukizichanganya kwa viwango tofauti unapata karibu rangi yoyote, hata nyeupe. Kampuni kubwa zilijaribu na kuchoka. Kilichohitajika ni fuwele safi za galiamu naitraidi, kitu ambacho wengi walikuwa wameona ni kupoteza muda. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano waling'ang'ana nayo Chuo Kikuu cha Nagoya. Shuji Nakamura naye aling'ang'ana ndani ya Nichia, kampuni ya kemikali iliyokuwa mbali kabisa na miji mikubwa ya Japani, na 1993 taa yake ya bluu ikatoka.

Zawadi aliyopewa kazini? Yen 20,000. Hiyo ilikuwa kama dola 180 hivi. Alihamia Marekani, akaenda kortini, na 2004 korti ya Tokyo ikasema alipwe yen bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na 2005 wakamalizana kwa takriban yen milioni 840. Mwaka wa 2014 wote watatu wakapewa Nobel ya fizikia. Kwa hivyo ukiona kibodi ya msee inawaka bluu, jua hiyo rangi ilikula miaka ya watu. Mimi siwezi kuiita upuzi.

Mwaka huo huo wa 2014, Razer walitangaza Chroma na Corsair wakaleta kibodi zao za RGB, kila kitufe na taa yake. "Rangi milioni 16.8," ndivyo walitangaza. Hesabu si uchawi: kila moja ya zile rangi tatu ina viwango 256, na 256 mara 256 mara 256 ni 16,777,216. Baada ya hapo kila kitu kikawaka. RAM ikawaka. Mausi, hedifoni, viti. Makasha yakaja na ubavu wa kioo tayari, hakuna kukata.

Na hapa ndipo nampa binamu yangu nusu ya pointi. Kitu kilichoanza kama njia ya kusema "hii ni yangu" kiligeuka kuwa kitu unachonunua tayari, na kinawaka upinde wa mvua ule ule kama cha jirani. Ukumbi wa masanduku ya krimu umekuwa ukumbi wa masanduku ya upinde wa mvua. Halafu kila kampuni ikaweka programu yake ya kuendesha taa, kwa hivyo unajikuta na programu tatu zinapigana, na RAM inaliwa na rangi. Ndio maana watu wakaunda OpenRGB bure, na Microsoft wenyewe wakaweka usimamizi wa taa ndani ya Windows 11 mwaka wa 2023. Wengine wamegeuka kabisa: Fractal Design ya Uswidi ilileta kasha la North 2022, mbele ni mbao. Feni za Noctua za Austria nazo ni kahawia na krimu, na kuna watu wanazipenda hivyo hivyo. Krimu imerudi, na safari hii ni watu wenyewe wameichagua.

Lakini hiyo nusu nyingine sitoi. Sisi tunajua hii vita vizuri. Sheria za Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu zilivaa mstari wa njano na rangi zikanyamazishwa. Kwa mikanda na vidhibiti mwendo, heko kwake. Lakini hakuna mtu aliwahi kunieleza mchoro wa ubavuni uliua abiria gani.

Mashine yangu ni ya ofisi, eksi-UK, nyeusi tii, niliyoinunua mtumba mjini. Kuna mtu alikuwa anafanyia hesabu za kampuni huko Uingereza. Nilikata ubavu mwenyewe, na akriliki imepinda kidogo ukiangalia vizuri. Stripi ya kwanza ya taa niliichoma. Ilikuwa ya volti 5, pini tatu, nikaipeleka kwa laini ya volti 12 na ikafa bila kuaga. Shilingi zangu, kosa langu. Ya pili nilisoma kwanza. Zambarau ni ya timu ya mtaa wetu, kijani nilichagua tu. Haiongezi hata fremu moja kwa gemu, najua, usiniambie.

Jana binamu amenitumia meseji. Anataka stripi ya kuweka nyuma ya dawati lake la kazi, rangi ya machungwa, "lakini isiwe ya kelele". Nimemuuliza kwanza umeme wake ni volti ngapi.