Jinsi ya kufunga mwenyewe kifaa cha kuongelea na simu bila kuishika ndani ya gari

Safari ya kutoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kabwe, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, ni safari ya kushuka. Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 tu. Dereva hushuka kimo kinachozidi mita 1,000, na sehemu kubwa ya kimo hicho huteremkwa kwenye kingo za Bonde la Ufa, penye kona na miteremko inayodai mikono miwili kwenye usukani.

Njia hiyo hiyo ni ya biashara. Mnunuzi wa migebuka na dagaa aliyeko Namanyere au Sumbawanga hutaka kujua mitumbwi imerudi na nini, na mwenye mzigo bandarini hutaka kujua gari limefika wapi. Simu ya dereva huita mara kwa mara, na mara nyingi huita mahali pabaya.

Ndiyo maana madereva wengi wamevutiwa na vifaa vinavyowezesha mtu kuzungumza bila kuishika simu. Kazi ya kuvifunga si ngumu kwa mtu anayejua kutumia bisibisi na kupima umeme wa betri. Hata hivyo, kosa dogo laweza kuunguza redio, kumaliza betri usiku kucha au kuharibu mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama. Yafuatayo ni mambo ya msingi ambayo dereva anapaswa kuyafahamu.

AINA ZA VIFAA

Vifaa hivi viko vya aina nne. Ya kwanza ni spika ndogo yenye betri yake, inayobanwa kwenye kinga ya jua juu ya dereva. Haihitaji waya wowote isipokuwa wakati wa kuchajiwa, na inahamishika kutoka gari moja hadi jingine.

Ya pili ni kirusha sauti cha FM, kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Hiki hupokea sauti kutoka kwenye simu na kuirusha kwa masafa ya redio, nayo redio ya gari ikaidaka kama inavyodaka kituo cha kawaida. Ndicho chenye bei nafuu na ndicho kilichoenea zaidi.

Ya tatu ni seti ya kudumu. Ina kisanduku cha umeme kinachofichwa nyuma ya dashibodi, maikrofoni, kibonyezo cha kupokelea simu na nyaya zinazoungwa kwenye redio. Katika miaka ya 2000 seti za aina hii kutoka Nokia na kampuni ya Parrot ya Ufaransa zilijulikana sana, na nyingine za Nokia zilikuwa na kitako maalumu cha kuwekea simu ya aina moja tu. Seti hizo za zamani bado huonekana katika magari yaliyotumika. Mnunuzi akumbuke kuwa kitako cha simu ya mwaka 2002 hakitafaa simu ya leo.

Ya nne ni redio mpya yenye Bluetooth ndani yake, inayochukua nafasi ya redio iliyokuwamo.

Karibu vifaa vyote vya sasa hutumia Bluetooth, teknolojia ya mawimbi ya masafa mafupi ambayo utafiti wake ulianzia katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994. Katika vifaa vidogo mawimbi hayo hufika umbali wa mita 10 hivi, kiasi kinachotosha kabisa ndani ya gari.

KABLA YA KUNUNUA

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni nguvu ya umeme wa gari. Magari madogo mengi hutumia volti 12. Malori makubwa, mabasi na baadhi ya Coaster hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Kifaa cha volti 12 kikiunganishwa na umeme wa volti 24 kitaungua papo hapo. Kifaa kinachofaa magari yote huandikwa 12/24V, na maandishi hayo yasomwe kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi pekee.

Jambo la pili ni masafa ya redio. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani, ambako redio za FM kwa miaka mingi zilitengenezwa kupokea masafa kuanzia 76 hadi 90 tu, wakati vituo vya Tanzania huanzia 87.5 hadi 108. Mwenye redio ya Kijapani ambayo haijabadilishwa atapaswa kuweka kirusha sauti chake kati ya 87.5 na 90. Akiweka 100 au 105 hatasikia chochote, na atadhani kifaa ni kibovu. Iwapo gari limefungwa kibadilisha masafa ili kupata vituo vya nchini, namba inayosomeka kwenye redio haitalingana na ile ya kirusha sauti. Hapo dereva atafute sauti kwa kusogeza masafa ya redio taratibu.

Jambo la tatu ni plagi za redio. Seti nyingi za kudumu zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huja na plagi za kiwango cha Ulaya, ambazo haziingii kwenye redio za Toyota au Nissan za Japani. Ni heri kununua plagi ya kati kuliko kukata nyaya za gari.

KAZI YA KUFUNGA

Kwa seti ya kudumu, vinavyohitajika ni bisibisi, spana namba 10, koleo, mita ya kupimia umeme, utepe wa umeme, vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, na fyuzi ndogo ya ampea zilizoandikwa na mtengenezaji. Gari lizimwe, liegeshwe mahali tambarare na breki ya mkono ivutwe.

Kabla ya kugusa betri, dereva achunguze redio iliyomo. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hufunga kazi zake zote pindi umeme unapokatwa, na hazifunguki bila kadi yake ya kumbukumbu au namba ya siri. Mwenye gari asiye na kadi hiyo anaweza kumaliza kazi yake akiwa na kifaa kipya na redio iliyokufa. Katika hali hiyo ni busara kuchagua spika ya kubana kwenye kinga ya jua, ambayo haigusi mfumo wa redio hata kidogo.

Baada ya kuridhika, atangulie kupima nyaya za nyuma ya redio wakati betri ingali imeunganishwa. Zinazotafutwa ni tatu: wenye umeme wakati wote, wenye umeme pale tu ufunguo unapozungushwa hatua ya kwanza, na wa hasi. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, manjano ni umeme wa wakati wote, nyekundu ni wa ufunguo, na nyeusi ni hasi. Katika nyaya za asili za Toyota, mara nyingi buluu yenye mstari wa manjano ni umeme wa wakati wote, kijivu ni wa ufunguo, na kahawia ni hasi. Lakini rangi si ushahidi. Gari lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa linaweza kuwa na rangi zilizochanganywa, hivyo kila waya upimwe kwa mita na kuwekewa alama.

Ndipo waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwa spana. Katika magari yenye mifuko ya hewa, dereva asubiri dakika mbili hivi kabla ya kuendelea, kwa kuwa mfumo huo huhifadhi umeme kwa muda mfupi. Plagi za rangi ya manjano chini ya usukani na ndani ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko hiyo. Zisiguswe, zisipimwe kwa mita wala zisiungwe na kitu kingine.

Nyaya za seti ziunganishwe kwa mpangilio huu. Waya mweusi uungwe kwenye hasi, au ufungwe kwa boliti kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Waya wa ufunguo uungwe kwenye umeme wa ufunguo kupitia fyuzi. Waya wa umeme wa wakati wote, kama upo, nao upitie fyuzi yake. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuunga nyaya zote mbili kwenye umeme wa wakati wote. Kifaa hubaki kimewaka, na baada ya siku chache za kuegeshwa gari haliwaki. Viungio vilehemiwe au vibanwe kwa plagi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe hulegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Maikrofoni ndiyo inayoamua ubora wa mazungumzo. Mahali pake ni karibu na kioo cha kutazamia nyuma au pembeni mwa kinga ya jua, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, mbali na matundu ya hewa na dirisha. Waya wake usipitishwe juu ya mfuniko wa nguzo ya mbele wenye maandishi ya mfuko wa hewa, kwani mfuko ukifunguka waya huo waweza kuuzuia. Spika nayo isielekezwe kwenye maikrofoni, la sivyo anayepiga atasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

KUJARIBU

Waya wa hasi wa betri urudishwe mwisho. Ufunguo uzungushwe hatua ya kwanza, taa ya kifaa iwake, na simu iunganishwe kwa kufuata maelekezo. Vifaa vingi vya zamani huomba namba 0000 au 1234. Ufunguo ukitolewa, taa izime. Isipozima, waya wa ufunguo umeungwa pasipostahili.

Jaribio la kwanza la mazungumzo lifanywe gari likiwa limesimama, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma, kisha madirisha yakiwa wazi. Mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata kasi ya injini ni dalili ya hasi iliyofungwa vibaya. Sauti ikikatika mahali pamoja tu barabarani, chanzo huwa ni mtandao wa simu na si kifaa. Milima huzuia mawimbi, na simu inayotafuta mtandao kwa muda mrefu humaliza betri haraka.

KISICHOTATULIWA NA KIFAA

Wengi huamini kuwa tatizo la simu barabarani ni mkono. Tafiti zimeonyesha vinginevyo. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto nchini Kanada, waliochunguza madereva 699 wenye simu waliopata ajali, walichapisha matokeo kuwa hatari ya kugongana ilikuwa karibu mara nne wakati wa kutumia simu, na hawakuona nafuu kwa waliotumia vifaa visivyoshikwa. Mwaka 2005 uchunguzi wa madereva 456 waliofika hospitali baada ya ajali mjini Perth, Australia, ulifikia takriban kiwango hicho hicho kwa makundi yote mawili.

Sababu ni akili. Dereva anayebishana bei ya mzigo hutazama barabara bila kuiona. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kusoma ujumbe ni mita 111, urefu wa uwanja wa mpira. Kifaa huondoa kupapasa simu na kushika usukani kwa mkono mmoja, na hilo ni jambo la maana, ila hakirudishi umakini uliochukuliwa na mazungumzo.

Kwa upande wa sheria, nchi nyingi zimetenganisha simu ya mkononi na ile isiyoshikwa. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu wakati wa kuendesha kuanzia Desemba 1, 2003. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, miongo miwili kabla ya simu za mkononi kuingia nchini, lakini makosa ya kuendesha kwa uzembe na kwa hatari yamo ndani yake. Dereva aliyesababisha ajali hawezi kujitetea kwamba simu ilikuwa kwenye spika.

Matumizi bora ya kifaa hiki, basi, ni ya maneno machache: kupokea, kusema kwamba gari liko njiani, na kukata. Mazungumzo ya bei, ya deni au ya msiba yasubiri hadi gari liegeshwe mahali salama. Mteremko wa kwenda ziwani haumsubiri mtu amalize maongezi, bali mnunuzi wa samaki anaweza kusubiri robo saa.