Mapishi Tuliyojifunza katika Nyumba za Wengine

Mara nyingi tukizungumza habari za kale twataja wafalme, vita na merikebu. Leo twapenda kuingia mahali ambapo waandishi wa historia hawapiti sana, yaani jikoni. Neno letu ni hili: sehemu kubwa ya chakula tunachokiita cha kwetu, tulifundishwa kukipika katika nyumba za watu wengine. Tena mafundisho hayo yana thamani kama mbegu yenyewe, kwa maana mbegu iliyochukuliwa bila mapishi yake imewahi kuleta maradhi na mauti.

Na tuanze na mahindi. Mtu akiulizwa ugali ni chakula cha nani, hujibu upesi, “Ni chetu.” Lakini jina la mahindi lenyewe lamshuhudia vingine. Watu wa pwani waliyaita ya Kihindi kwa kuwa yalitoka ng’ambo ya bahari, ingawa asili yake si Bara Hindi, bali ni Meksiko katika bara la Amerika. Kabla ya Columbus kufika huko mwaka wa 1492, hapakuwa na hindi hata moja katika Afrika. Babu zetu walikula mtama, uwele na wimbi. Mahindi yaliletwa baadaye na merikebu za Wareno, ambao walifika Malindi mara ya kwanza mwaka wa 1498.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wenyeji wa Meksiko hawakuyapika mahindi hivi hivi. Waliyachemsha kwanza katika maji yaliyotiwa chokaa au majivu, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Wageni kutoka Ulaya waliichukua mbegu, wakaipenda kwa sababu yazaa sana, lakini hawakukaa jikoni kwa wale akina mama kuuliza chokaa ni ya nini. Basi mwaka wa 1735 tabibu mmoja wa Hispania, jina lake Gaspar Casal, aliona ugonjwa mpya kwa maskini waliokula mahindi karibu peke yake. Ngozi yao iliwambuka, matumbo yakaharisha, akili zikapotea, na wengi wakafa. Ugonjwa huo, uitwao pelagra, ulienea Italia pia, na baadaye ukaua maelfu ya watu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Haikujulikana sababu mpaka karne ya 20, wataalamu walipovumbua ya kuwa mahindi yana vitamini moja iliyofungika ndani yake, na ile chokaa ndiyo huifungua. Mapishi ya akina mama wa Meksiko yalikuwa dawa, na walioyadharau waliadhibiwa vikali.

Mtu anayekula mahindi pamoja na kunde, maharage, samaki au mboga hupata kinga kwa njia nyingine. Kwa hiyo chungu cha makande, au pure kama wasemavyo wengine, si chakula cha kujaza tumbo tu. Ni busara iliyopikwa.

Muhogo nao watufundisha yale yale. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Kuna muhogo mtamu na kuna muhogo mchungu, na ule mchungu una sumu. Mwenye kujua huumenya, huuloweka siku kadha, huuanika juani, ndipo huutwanga kuwa unga. Hapana kitabu kilichotangulia kuandika hayo. Yalipita kutoka jiko hata jiko. Mwaka wa 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame uliharibu mazao mengine, na watu wenye njaa wakaula muhogo mchungu bila kuutimizia siku zake. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipatwa na kupooza kwa miguu. Hawakukosa maarifa watu hao, bali njaa iliwanyima nafasi ya kuyafuata. Hata hivyo twaona ya kuwa siku mbili tatu za kungojea, ambazo kijana aweza kuzidhania ni desturi tupu, ndizo zinazopambanua chakula na sumu.

Basi, mafundisho ya jikoni yalifikaje pwani yetu? Yalifika kwa mgeni na mwenyeji kula pamoja. Mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, alikaribishwa Mogadishu, na baadaye akaandikisha aliyokula. Aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na malimau ya achari, tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa aliona chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki. Fikirini: mpunga, ndizi na mwembe asili yao ni Asia. Kumbe hata zamani zile, kabla ya Mreno, nyumba za pwani zilikuwa zimekwisha kujifunza kwa wageni wao. Wahenga hawakukosea waliposema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Lakini si kila aliyeingia jiko la mwingine aliingia kwa hiari, na historia ya kweli haiwezi kulificha jambo hili. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1844, alitoa kitabu cha maisha yake huko Ujerumani mwaka wa 1886. Asema katika jumba la baba yake chakula kilipikwa kwa namna ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kituruki. Ni habari nzuri, lakini yatupasa kuuliza: ni nani waliotwanga, waliokuna nazi, walioukoroga mchuzi? Nyumba kubwa za Unguja siku zile zilitumikiwa na watumwa, wengi wao waliotekwa mbali sana barani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na utumwa wenyewe haukukomeshwa kwa sheria huko mpaka mwaka wa 1897. Mikono yao ndiyo iliyojifunza pilau ya watu wengine, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Tukila pilau leo, sifa si ya wenye majumba peke yao.

Kadhalika chapati. Wafanya biashara wa Kihindi waliijua pwani yetu tangu zamani, lakini reli iliwafikisha wengi barani. Kazi ya kuijenga ilianzia Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwani mwaka wa 1901. Wafanya kazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa kazini, na zaidi ya 6,000 walibaki huku. Maduka yakafunguliwa, unga wa ngano ukauzwa, na vijana walioajiriwa katika nyumba za watu hao wakaona jinsi ya kukanda unga, kusukuma, kupaka mafuta na kukunja. Waliporudi makwao hawakurudi na mshahara tu. Leo katika vijiji vingi sikukuu bila chapati yaonekana imepungua, iwe Idi au Krismasi.

Katika chuo cha kufundishia walimu twaona mambo hayo yakiendelea. Vijana waliozoea ndizi hukaa meza moja na waliozoea ugali na waliozoea wali wa nazi. Mwanzoni hucheka kila mmoja chakula cha mwenziwe, mwisho hufundishana. Vijijini nako ndivyo ilivyo. Mke mgeni hujifunza chungu cha mkwewe, na sahani ya jirani haipendezi kurudishwa tupu. Jifya moja haliinjiki chungu.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wanafunzi mfanye kazi moja. Chukueni daftari, mkae karibu na bibi zenu wangali hai, mwaandike mapishi yao. Ulizeni kiasi, ni kibaba au ni kisaga, na kama maji hupimwa kwa kifundo cha kidole juu ya mchele, andikeni vivyo hivyo. Ulizeni sababu ya kila tendo, kwa nini hulowekwa, kwa nini hupaliwa makaa. Na bibi akijibu ya kuwa ndivyo alivyofundishwa, msiliache tendo hilo, kwani mmesikia yaliyowapata walioacha chokaa. Mwisho ulizeni: “Ni nani aliyekufundisha?” Pengine atataja mkwe, pengine jirani wa kabila jingine, pengine mwanamke aliyeletwa na msafara asiyejua kwao ni wapi. Andikeni jina hilo juu ya ukurasa, mahali pa kwanza. Ni malipo madogo ya deni kubwa. Kwaherini.