Mke wa Mwalimu Hakuajiriwa na Serikali

Mwaka 1958 nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kunakili maandishi ya baba. Yeye aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi kuukuu za mitihani, mimi nikahamishia kwa wino kwenye daftari, kisha karatasi zake zikaenda kuwashia moto jikoni. Nilidhani ananifundisha imla. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kuwa nilikuwa nikinakili mihtasari ya mikutano ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Daftari lile mama alilifunga ndani ya kanga akalipeleka tawini. Mama hakujua kusoma. Baba alijua, lakini alikuwa mwalimu wa shule ya serikali hapa Muheza, na mguu wake haukuruhusiwa kukanyaga tawini.

Kilichomfunga ni waraka wa Agosti 1953, enzi ya Gavana Twining, uliowakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Chama kilichokuwapo wakati huo ni TAA (Tanganyika African Association), na miezi minne tu kabla ya waraka kilikuwa kimemchagua rais mpya, kijana aliyetoka kusoma Edinburgh, Julius Nyerere. Hoja ya Waingereza ilikuwa ya kistaarabu: mtumishi wa umma humhudumia kila mtu, basi asiegemee upande. Kwao Uingereza hoja hiyo huenda ilikuwa na mashiko, maana huko mtu asiye mtumishi wa serikali naye aliweza kusoma, kuandika na kuendesha chama. Tanganyika ya 1953 ilikuwa na Waafrika wangapi wa kuweza kujibu barua ya Kiingereza? Ukiwahesabu utakuta karani, daktari, mwalimu, mkalimani, na wengi wao ugali wao ulitoka serikalini. Kuwakataza hao ni kukikata chama mkono wa kuandikia.

Na siasa ya nchi hii ilianzia kwa watu hao hao. Hapa kwetu Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. African Association, chimbuko la TAA, ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, aliyekalia kiti cha rais alikuwa mwalimu, Cecil Matola. Kabla ya waraka serikali ilikuwa na dawa nyingine isiyohitaji kuandikwa: uhamisho. Dokta Vedasto Kyaruzi aliongoza TAA mwaka 1950, akaondolewa Dar es Salaam akapelekwa Kingolwira, Morogoro. Hamza Mwapachu, afisa wa ustawi, alijikuta Ukerewe. (Dawa hiyo haijaisha makali. Muulize mwalimu yeyote nini humjia akilini akilisikia neno uhamisho.)

Nyerere alipata upenyo kwa sababu Pugu, alikokuwa akifundisha, ilikuwa shule ya misheni. Yeye hakuwa mtumishi wa serikali kwa maana ya waraka, hivyo aliweza kufundisha historia siku za wiki na kushughulikia chama siku nyingine, na TANU ikazaliwa kutoka TAA Julai 7, 1954 yeye akiwa bado mwalimu. Lakini shule za misheni nazo zilipokea ruzuku ya serikali. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya chaki na chama. Barua yake ya kuacha kazi ni ya mwezi huo huo. Akarudi Musoma, hana mshahara.

Baba hakuacha kazi. Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Tulikuwa watoto watano, nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shule, na kibarua kikiota nyasi tungelala wapi? Ila alikuwa ameusoma ule waraka kwa makini ya mwalimu, akaona jambo ambalo mwandishi wake hakulifikiria. Ulimtaja mtumishi. Haukumtaja mkewe.

Sisemi baba ndiye aliyevumbua njia hiyo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kitengo cha wanawake cha TANU, alipita katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na wanawake wakajiunga kwa wingi wakati waume zao makarani wakichungulia dirishani. Wauza vitumbua na pombe hawakuwa na waraka wa kuwatisha. Ukisikia TANU ilijengwa na wanawake, ujue sehemu ya sababu ni kwamba wanaume wenye elimu walikuwa wamefungwa midomo na mishahara yao.

Hadithi iliyobaki kwetu ni ya siku mkaguzi wa shule, Mzungu, alipomwita baba pembeni chini ya mwembe.

"Mwalimu, nasikia mkeo ana kadi ya TANU."

"Ndiyo, Bwana. Lakini mke wangu hajaajiriwa na serikali."

Mkaguzi alimtazama, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Mama alipoisimulia aliongeza kwamba maji yale aliyaleta yeye, kadi ikiwa ndani ya mkunjo wa kanga.

Uhuru ulipokuja nilitegemea waraka ungefutwa na mambo yaishe. Ulifutwa kweli, watumishi wakaruhusiwa kuingia TANU, na mwaka 1965 katiba ikasema chama ni kimoja. Nilipoanza kufundisha mwaka 1970, mwalimu asiye na kadi alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Tulifundisha somo la Siasa, tulikimbiza watoto mchakamchaka alfajiri wakiimba sifa za chama, na shuleni kwetu tawi lilikutana katika darasa la sita. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, aliyetaka kwenda Chuo Kikuu alihitaji pia chama kimpendekeze. Niliwahi kuandika barua ya kuomba pendekezo hilo. Baba, ambaye tayari alikuwa amestaafu, aliisoma, akacheka peke yake kwa muda mrefu, akanirudishia bila kusahihisha hata nukta.

Julai 1992 vyama vingi vikarudi kisheria. Matawi ya chama yakaondolewa mahali pa kazi, Siasa ikawa Uraia, na sisi tukaambiwa kile ambacho maadili ya utumishi wa umma yanasema mpaka leo: uanachama na kura ni haki yako, ila siasa usiifanye saa za kazi wala mahali pa kazi. Kwa mwanajeshi ni kali zaidi, katiba inamkataza hata kujiunga na chama. Mwalimu yuko katikati, na hapo katikati ndipo penye kazi, kwa sababu uchaguzi ukifika serikali humtafuta yeye huyo huyo asimamie kituo.

Oktoba 1995 nilisimamia kituo, katika lile lile darasa la sita. Mama alikuja asubuhi na mapema. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipokea karatasi ya kura, akaigeuza, akanijia mezani.

"Mwanangu, niwekee alama, mimi sioni herufi."

Nikamwambia siruhusiwi, mimi ni msimamizi. Achague mtu mwingine anayemwamini amsaidie. Mawakala wa vyama walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitutazama. Mama alinikodolea macho kama vile amenifumania.

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," akasema, akatoka nje kumwita mjukuu wa jirani.