Vioo Chini ya Sakafu: Picha za Richard Samuel Roberts na Swali la Majina

Mtu afundishaye historia ya Kanisa huzoea kutafuta habari katika barua, kumbukumbu za vikao na vitabu vya ubatizo. Picha huwekwa katikati ya kitabu kama pambo, msomaji apumzishe macho. Desturi hiyo imetupotezea mengi. Katika makala haya tutaanza mbali, katika mji wa Columbia, jimbo la South Carolina, Marekani, ndipo turudi nyumbani.

Richard Samuel Roberts alizaliwa mwaka 1880, akaishi Florida, na mwaka 1920 akahamia Columbia pamoja na mkewe Wilhelmina na watoto wao. Alikuwa Mmarekani mweusi katika jimbo ambalo katiba yake ya mwaka 1895 ilikuwa imewanyang'anya watu weusi haki ya kupiga kura, na ambalo sheria zake ziliwatenga katika shule na katika vyombo vya usafiri. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ya usafi katika ofisi ya posta. Aliianza alfajiri, watu wengine wakingali wamelala, na kuimaliza adhuhuri. Kisha alikwenda katika studio yake ya ghorofani, mtaa wa Washington, aliyoifungua mwaka 1922, akawa mpiga picha hadi jioni. Asubuhi mkewe ndiye aliyewapokea wateja. Ufundi huo alijifunza mwenyewe.

Waliopanda ngazi zile walikuwa watu wa kila namna: walimu, wachungaji, wenye maduka, watumishi wa majumbani, wanafunzi, maarusi, na akina mama waliopakata watoto. Wachoraji wa magazeti na wauzaji wa kadi wa wakati ule walizoea kumchora mtu mweusi kama kichekesho. Roberts aliwatangazia wateja wake kwamba atawapa mfano wao wa kweli. Sisi tuliokwisha kufundisha sura ya kwanza ya Mwanzo mara nyingi, na kugombana na wanafunzi juu ya tofauti ya "sura" na "mfano", hatuwezi kulipita neno hilo haraka. Mwanamke aliyefua nguo za watu wiki nzima aliketi mbele ya kamera hiyo akiwa amevaa vazi lake bora, mgongo umenyooka, akatazama mbele. Hakuna aliyemwomba acheke.

Yafaa tueleze kifaa chenyewe, kwa kuwa wanafunzi wetu wa leo wanazijua picha za simu tu. Kabla ya filamu kuenea, picha ilichukuliwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa utando wa jelatini wenye chumvi za fedha. Njia hiyo ilianzishwa na tabibu Mwingereza, Richard Leach Maddox, mwaka 1871. Mwanga ulipoupiga utando, na kioo kikaoshwa kwa dawa gizani, ilitokea negativu: penye nuru pakawa peusi, na penye giza pakawa peupe. Kutoka kioo kimoja picha nyingi za karatasi ziliweza kutolewa. Karatasi zilikwenda na wateja, na kioo kikabaki kwa fundi. Tena kioo huhifadhi mambo madogo kwa namna ya ajabu, hata uzi wa mshono na jina la kitabu kilichoshikwa mkononi huweza kuonekana. Lakini ni kizito, huvunjika, na jelatini ni chakula cha kuvu mahali penye unyevu.

Roberts alifariki mwaka 1936. Negativu zake zipatazo 3,000 ziliwekwa katika uwazi ulio chini ya sakafu ya nyumba ya familia, zikakaa humo miaka zaidi ya 40. Mwaka 1977 Thomas L. Johnson, mhifadhi nyaraka wa Maktaba ya South Caroliniana katika Chuo Kikuu cha South Carolina, alipata habari zake kutoka kwa jamaa wa marehemu. Johnson na mwenzake Phillip C. Dunn walishughulika na vioo hivyo hata wakatoa kitabu mwaka 1986. Vingine vilikuwa vimeharibika, lakini vingi vilitoa picha safi.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Nyuso zilikuwapo, majina hayakuwapo. Ilibidi wazee wa mji waulizwe: huyu ni nani? Wengi walitambuliwa, wengine hawajulikani hata leo. Mtu aliyejitahidi apate mfano wake wa kweli amebaki na mfano pasipo jina. Wasomaji wanaoruka orodha ya Nehemia 7, au salamu za Warumi 16, wakidhani hazina mahubiri ndani yake, wajaribu kuzisoma wakiwa na picha kama hiyo mezani.

Nasi tusijione salama. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na baadhi yao walipiga picha kwa vioo hivyo hivyo. Nyingi zimehifadhiwa Ujerumani, na tunashukuru, maana huku mchwa wasingezihurumia. Lakini katika zile tulizoziona, mara nyingi mmisionari ametajwa kwa jina, na wenzake ni "walimu" au "Wakristo". Wenye jukumu la kuuliza majina yao ni sisi wenye mababu hao, wala tusiwatupie lawama wahifadhi wa ng'ambo.

Tena lawama nyingine ni yetu kabisa. Katika usharika mmoja tulioutumikia, sakristia ya zamani ilipobomolewa, sanduku la vioo vyeusi lilitolewa nje pamoja na takataka. Tulikuwapo. Tulikiinua kioo kimoja, tukaona vivuli tusivyovielewa, tukakirudisha. Jioni watoto walikuwa wakivivunja kwa mawe. Tulielewa miaka mingi baadaye, tukisoma habari za Roberts, kwamba yawezekana tulikuwa tumeshika darasa zima la kipaimara mkononi.

Tangu hapo tumekuwa tukiwapa wanafunzi zoezi wakati wa likizo: wachukue picha moja ya zamani ya usharika wao, ya karatasi au ya kioo, waipeleke kwa mzee, waandike majina kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si juu ya picha yenyewe. Mwanafunzi mmoja alirudi na picha ya watu 11. Bibi aliyeulizwa aliwataja watatu. Kwa wa nne alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba uso haukumbuki, lakini kiti alichokikalia kilikuwa cha nyumbani kwao, kwa hiyo yawezekana ni shangazi yake. Mwanafunzi ameandika hivyo hivyo, pamoja na "yawezekana".