Ukili wa Mtoto Usifumuliwe

Wazee wetu wa pwani husema chanda chema huvikwa pete. Basi, ndugu wasomaji, yafaa tujiulize: chanda hicho chema hutoka wapi? Wako wanaodhani kwamba ufundi ni kipawa anachozaliwa nacho mtu, na wako wanaodhani hupatikana shuleni peke yake. Ama sisi twasema ya kuwa aghalabu huanzia nyumbani, katika umri wa michezo, na historia ya pwani yetu ni shahidi.

Huku kwetu Mchukwi, na pande zote za Kibiti na Rufiji, mkeka wa ukindu ni kazi inayojulikana. Majani ya mkindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa, na mengine huchemshwa katika rangi. Kisha chane husukwa ukili, na kili zikatimia hushonwa pamoja zikawa mkeka. Na kila palipo na mama anayesuka, pana mtoto pembeni yake. Huokota vipande vilivyoanguka naye akasuka kaukili kake, kamepinda, rangi zimechanganyika ovyo. Hapo ndipo ilipo hatari. Mama hugeuka akasema, “Unaniharibia ukindu wangu!” Kisha humnyang'anya na kufumua alichosuka. Hatumlaumu mama huyo, kwani ukindu una taabu yake na mkeka ndio sabuni na sukari ya nyumba. Lakini yapasa ajue kwamba anachokifumua si majani tu.

Natutazame nyuma. Kipo kitabu cha safari za baharini, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza Miladia, yaani miaka ipatayo mia tano kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Ni katika maandishi ya kale kabisa yanayoeleza pwani yetu. Je, mwandishi wake alitaja nini juu ya watu wa huku? Alitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitego ya kuvulia iliyosukwa. Hata mji wa biashara wa Rapta, anasema, ulipata jina lake kwa sababu ya vyombo hivyo vya kushonwa. Wataalamu hawajaafikiana mji huo ulikuwa wapi, na wako wanaosema ulikuwa pande hizi za Rufiji. Mwaka 1999 mwanachuoni wa mambo ya kale, Felix Chami, aliandika habari za shanga za Kirumi zilizopatikana katika eneo la delta ya Rufiji. Kwa hiyo wageni wa mbali walikuwa na biashara na watu wa huku, na kazi ya mikono ya watu wa pwani ndiyo waliyoiona na kuiandika.

Ufundi huo wa kushona vyombo ulidumu karne nyingi. Mtepe wa pwani ya Lamu haukuwa na misumari katika mbao zake: ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Fikirini, enyi wazazi! Ukili uleule anaoanza nao mtoto kwa vidole vidogo ndio uliokamata upepo wa kusi na kaskazi. Kisha vyombo vya misumari vikashika nafasi, kazi ikapungua, na watoto wakaacha kukaa kando ya baba zao mafundi. Katika karne ya 20 mitepe ikatoweka baharini. Mwaka 2003 ulipojengwa mtepe mmoja Unguja ili uwekwe katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, ilibidi kufanya utafiti wa jambo ambalo zamani kijana alilijua kwa kumtazama baba yake. Minazi ilikuwapo, na mbao pia. Kilichokuwa kimekatika ni mnyororo wa mikono.

Na tusidhani kwamba haya ni ya majini tu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu na kuipamba kwa nakshi za wino. Kila mmoja katika mafundi hao alikuwa mtoto siku moja, na herufi yake ya kwanza ilikuwa imepinda. Ndiyo maana chuoni mtoto alipewa ubao, wino wa masizi na kalamu ya mwanzi: akikosea, ubao huoshwa, naye akaandika tena. Ubao uliumbiwa kuvumilia makosa.

Hapa Rufiji tulipata funzo jingine. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wengi wa bondeni walihamishwa, mwaka 1969, wakapelekwa kukaa katika vijiji vya juu. Nyumba, minazi na miembe vilibaki nyuma. Lakini ufundi wa kusuka haukubaki, kwani hauchukui nafasi katika mzigo. Hukaa katika vidole. Mali ya namna hii maji hayaichukui.

Ama dini yetu inasemaje? Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na kimojawapo ni farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza vipi farasi awe na mbawa, alijibu ya kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakumkemea wala hakukivunja kitu kile. Na imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Masahaba waliwatengenezea watoto wao vitu vya kuchezea vya sufi, ili wawashughulishe siku ya saumu ya Ashura. Yaani wazazi wenyewe walikaa wakafanya kazi ya mikono kwa ajili ya watoto.

Wala asiseme mtu kwamba kusuka ni kazi ya wasichana tu. Salman al-Farisi (R.A.), wanasimulia wenye kuandika sera, alikuwa amiri wa Madain naye akisuka majani ya mtende kwa mkono wake na kula kwa jasho lake. Na Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Iweje basi mvulana wa leo aone haya kushika ukindu?

Hivi sasa mikeka ya plastiki imejaa madukani, na simu humtuliza mtoto kwa haraka kuliko kitu chochote. Hatusemi vitu hivyo vitupwe. Twasema mtoto apewe fungu lake. Mama atengapo chane zake, amwekee mwanawe vipande vifupi na rangi mbili tatu achague mwenyewe. Baba amwachie kifuu, mabua na udongo, na kisu akitumie mbele ya mkubwa. Asuke, afinyange, achore maua na nakshi. Akimaliza, kazi yake isichekwe, na itumike: kipepeo chake kipepee moto wa jioni, kawa lake lifunike sahani ya baba. Akiuliza kwa nini ukili wake umepinda, aonyeshwe mahali chane ilipolegea, kisha aachiwe asuke mwingine. Ule wa kwanza usifumuliwe.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, lakini hawakusema mvunje. Kipande cha ukindu ni kitu kidogo, na hasara yake husahauliwa kabla ya wiki kwisha. Mtoto aliyefumuliwa kazi yake mara tatu hataleta ya nne, na mnyororo uliovuka karne nyingi utakatikia mlangoni mwetu.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya watoto wetu, na atupe sisi subira ya kuitazama inapojifunza. Amin.