Chombo cha Njia Mbaya

Njia mbaya ni mwalimu mkali: hukifunza chombo, humfunza na mwenye chombo. Ikiwa wakaa Kabras, ewe msomaji, jambo hili walijua. Mvua inyeshapo, vijia vya mashamba ya miwa hugeuka matope, na gari lililopita vema katika lami ya Malava hukwama humo.

Taabu hii si yetu peke yetu. Mwaka 1948 Bwana Soichiro Honda alianzisha kampuni yake huko Hamamatsu, Japani, akaunda pikipiki. Baadaye wauzaji wake wa Marekani walilalamika kwamba majira ya baridi hapana anunuaye pikipiki. Mhandisi Osamu Takeuchi akapewa kazi ya kutafuta chombo kingine. Mwaka 1970 kikaanza kuuzwa chombo cha magurudumu matatu, chenye matairi mapana yaliyotiwa upepo kidogo. Siri ilikuwa katika matairi hayo: tairi pana na laini hutandaza uzito, kwa hiyo halizami upesi katika theluji, mchanga wala matope. Chombo kiliundwa kwa mchezo. Wakulima wakakichukua kwa kazi.

Walakini kuweza kupita si kupita salama. Chombo cha magurudumu matatu kilipinduka kwa urahisi katika kona na miteremko. Mwaka 1984 Honda ilitoa cha magurudumu manne, lakini ajali hazikukoma. Mamia ya watu walikufa, wakiwamo watoto wengi. Mwaka 1988, baada ya kushtakiwa na serikali ya Marekani, waundaji wakubwa walikubali kuacha kuuza vya magurudumu matatu, na kuwapa mafunzo wanunuzi wa vile vya manne.

Sasa turudi Kabras. Vyombo hivyo ni haba kwetu. Kazi yao imeshikwa na bodaboda. Bodaboda ilianza Busia katika miaka ya 1960, baiskeli zilipovusha wasafiri mpakani. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilienea vijijini. Humfikisha mgonjwa hospitali na mahindi sokoni, kwa vijia visivyopitika kwa gari. Lakini itazame vema: matairi yake ni membamba, nayo iliundwa kwa barabara. Hata hivyo twaipakia abiria watatu na kuitia matopeni. Sheria ya mwaka 2012 yaamuru abiria mmoja tu, na kofia ngumu kwa dereva na abiria wake.

Baadhi yenu mtapanda bodaboda kesho asubuhi, na wengine mtaziendesha mtakapokuwa watu wazima. Kumbukeni kwamba chombo hupita, lakini hakifikiri; kufikiri ni kazi ya aliyekipanda. Wamarekani walilipia somo hili kwa roho za watoto wao. Sisi tumekwisha kulisikia. Je, yatupasa kulilipia tena?